Umeme wa Akiba wa Ripita ya Kubebeka: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Betri na Chaja

Ripita hupokea mawimbi dhaifu ya redio za mkononi na kuyarusha upya papo hapo kwa nguvu kubwa zaidi, kutoka mahali palipoinuka, ili watu waliotenganishwa na vilima au majengo waweze kusikilizana. Ikizimika, kikundi kizima hupoteza mawasiliano kwa mpigo mmoja, hata kama kila mtu ana redio nzima yenye chaji ya kutosha. Pamoja na hayo, umeme wa akiba wa ripita mara nyingi hupangwa kinyume: betri hununuliwa kwanza kwa kuangalia bei, chaja inachukuliwa ile iliyopo, na hesabu ya matumizi inafanywa baada ya mambo kuharibika. Mwongozo huu unaanza na mkondo ambao ripita inavuta, unapitia kwenye betri, na unakaa kwa muda mrefu zaidi kwenye chaja, kwa sababu kwa uzoefu wangu betri nyingi za ripita haziuawi na kazi bali na chaja zisizolingana nazo.

Hatua ya kwanza: pima ripita inavuta ampea ngapi

Usitegemee namba za kwenye kijitabu cha maelekezo, maana hizo ni za redio moja, ilhali ripita ya kubebeka kwa kawaida ni redio mbili za gari zilizounganishwa, pamoja na kidhibiti, feni na pengine taa. Pitisha waya wa chanya ndani ya mita ya kubana inayoweza kupima mkondo wa moja kwa moja, au weka kihesabu cha ampea-saa (ampea zinazovutwa mara saa zilizopita) kati ya betri na ripita, kisha chukua vipimo viwili: ripita ikiwa inasikiliza tu, na ripita ikiwa inarusha. Kipimo cha pili kichukuliwe transmita, yaani redio inayorusha, ikiwa imeunganishwa na antena au mzigo bandia (kifaa kinachomeza nguvu ya transmita badala ya antena), na kiendelee kwa dakika kadhaa hadi feni ianze kuzunguka.

Tuseme ripita ya wati 25 imeonyesha ampea 0.8 ikisikiliza na ampea 7 ikirusha. Ikiwa inarusha robo ya muda wote, wastani wake ni 0.8 mara 0.75, kujumlisha 7 mara 0.25, yaani ampea 2.35. Kwa saa 24 hizo ni ampea-saa 56.4. Hesabu hiyo inatosha kwa siku ya kawaida, lakini umeme wa akiba haununuliwi kwa ajili ya siku ya kawaida. Wakati wa mafuriko, moto au utafutaji wa mtu aliyepotea, ripita inaweza kurusha nusu ya muda wote, na hapo wastani unapanda hadi ampea 3.9, sawa na karibu ampea-saa 94 kwa siku. Panga kwa siku mbaya.

Kabla ya kununua betri kubwa zaidi, kuna akiba mbili zisizogharimu chochote. Ya kwanza ni mkia, yaani zile sekunde ambazo ripita inaendelea kurusha baada ya msemaji kuachia kitufe. Mkia wa sekunde 5 ukipunguzwa kuwa sekunde 1, katika siku yenye mazungumzo 400 unaokoa sekunde 1,600 za kurusha, ambazo kwa ripita ya mfano wetu ni zaidi ya ampea-saa 2.7. Ya pili ni nguvu ya transmita. Kushuka kutoka wati 50 hadi wati 25 kunapunguza mawimbi kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo wasikilizaji wengi hawaitambui, ilhali ampea zinazookolewa ni nyingi. Isitoshe, mara nyingi ripita inasikika mbali kuliko inavyoweza kusikia redio za mkononi, kwa hiyo nguvu hiyo ya ziada ilikuwa haimsaidii mtu.

Hatua ya pili: geuza matumizi kuwa ukubwa wa betri

Ampea-saa zilizoandikwa kwenye betri si zote za kutumia. Betri ya risasi na asidi ikitumiwa zaidi ya nusu mara kwa mara hufupisha maisha yake upesi, kwa hiyo hesabu nusu tu. Betri ya lithiamu ya fosfeti ya chuma, ile inayoandikwa LiFePO4, inakubali kutumiwa hadi asilimia 80 au zaidi bila madhara makubwa. Kwa mahitaji ya ampea-saa 56 za siku ya kawaida (kwa siku mbaya weka 94 mahali pa 56), betri ya risasi inapaswa kuwa na ampea-saa zipatazo 113, na ya lithiamu ampea-saa 70. Ongeza robo kwa ajili ya kuzeeka na baridi, na utafika kwenye takriban 140 kwa risasi na 88 kwa lithiamu, ambayo sokoni ina maana ya betri ya 100.

Zingatia pia kwamba ampea-saa za betri ya risasi kwa kawaida hupimwa kwa kuitoa chaji polepole kwa muda wa saa 20. Ukivuta mkondo mkubwa kuliko huo, betri hutoa kidogo kuliko kilichoandikwa. Betri ya ampea-saa 20 inayolisha transmita ya ampea 10 haitaiendesha kwa saa mbili, wala haitakaribia. Baridi nayo inapunguza: kwenye nyuzi sifuri za Selsiasi, betri ya risasi hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake.

Hatua ya tatu: chagua aina ya betri

Betri ya gari ndiyo watu huikimbilia kwa sababu ipo karibu, nayo ndiyo ninayoikataa mapema. Sahani zake za risasi ni nyembamba na nyingi ili itoe mkondo mkubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiifanya iendeshe ripita usiku kucha, itapoteza uwezo baada ya mara chache. Itumie kwa dharura ya usiku mmoja tu, si kama mpango.

Betri kavu ya risasi, ile iliyofungwa na isiyoongezwa maji, ni ya kuaminika, haihitaji kielektroniki cha ndani, na inachajika hata kwenye baridi kali. Ubaya wake ni uzito: ya ampea-saa 100 ina kilo 28 hadi 30, na mtu anayepanda nayo kilima ataihisi kila moja ya kilo hizo. Ubaya wa pili hauonekani kwa haraka. Betri hiyo ikiwa imejaa na kutulia huonyesha volti 12.7 au zaidi kidogo, na ikifika nusu huonyesha 12.2. Redio nyingi za gari zimetengenezwa kwa volti 13.8, zikivumilia asilimia 15 juu au chini, yaani kuanzia 11.7 hadi 15.9. Betri iliyofika nusu, transmita inapovuta ampea 12, inaweza kushuka hadi 11.9, waya mwembamba ukipoteza nusu volti nyingine, redio inapata 11.4 na kuanza kujizima kila inapojaribu kurusha, ingawa betri bado ina chaji.

Lithiamu ya fosfeti ya chuma ina seli nne za volti 3.2, jumla volti 12.8, na sehemu kubwa ya muda wa matumizi inabaki juu ya volti 12.8 hadi inapokaribia kuisha. Ya ampea-saa 100 ina kilo 10 hadi 13. Inadumu maelfu ya mizunguko mahali ambapo betri kavu ya risasi hudumu mamia. Kwa ripita inayobebwa, kama fedha inaruhusu, ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Lakini ina masharti matatu. Isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi sifuri, kwa sababu lithiamu hugandamana juu ya elektrodi na kuiharibu daima. Bodi yake ya ulinzi, ambayo mafundi huiita BMS, lazima iruhusu mkondo wa transmita: betri ndogo ya ampea-saa 10 yenye bodi ya ampea 10 itajikata mara tu ripita ya ampea 12 inapofunguka. Na volti zake hazikuambii imebaki kiasi gani, maana tofauti kati ya robo tatu na robo ni sehemu ndogo ya volti. Tumia kihesabu cha ampea-saa.

Lithiamu za aina nyingine, zile za kompyuta na za vifaa vya kutobolea, hazikai vizuri kwenye kazi hii. Seli tatu huanza na 12.6 na kushuka hadi karibu 9, seli nne hufika 16.8, na pande zote mbili ni nje ya kiwango cha redio. Ikiwa vifaa vitasafirishwa kwa ndege, kumbuka kwamba betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 hairuhusiwi kwenye mizigo ya abiria, na hata ile ya volti 12.8 yenye ampea-saa 20 tu ina wati-saa 256.

Dukani, beba mizani. Betri ya risasi iliyoandikwa ampea-saa 100 lakini ina kilo 17 haina risasi ya kutosha kutoa kilichoandikwa, na hakuna maelezo ya muuzaji yanayoweza kubadilisha jambo hilo. Pima pia volti: betri kavu mpya iliyo chini ya 12.4 imekaa muda mrefu bila kuchajiwa, na chumvi za salfeti huenda zimeanza kuganda kwenye sahani zake.

Hatua ya nne: chagua chaja kwa ajili ya betri hiyo, si betri yoyote

Chaja nzuri ya betri ya risasi ina hatua tatu. Katika kujaza, inatoa mkondo wake wote hadi volti zipande. Katika kushibisha, inashikilia volti 14.4 hadi 14.7 kwa betri kavu ya kitambaa cha kioo, au 14.1 hadi 14.4 kwa ya jeli, huku mkondo ukishuka wenyewe. Katika kutunza, inashuka hadi 13.5 au 13.8 na kukaa hapo. Viwango hivyo ni vya nyuzi 25. Kwa kila nyuzi inayozidi, volti zinapaswa kupungua kwa takriban 0.02, na kwa kila nyuzi inayopungua zipande kwa kiasi hichohicho. Kwenye sanduku lililofungwa lenye nyuzi 45, chaja isiyo na kihisi cha joto hushikilia volti 0.4 zaidi ya inavyotakiwa, siku baada ya siku, na betri hukauka hadi kuvimba ubavuni. Nunua chaja yenye waya wa kihisi, na kihisi hicho kifungwe kwenye mwili wa betri yenyewe, si kwenye ukuta wa sanduku.

Betri ya lithiamu ya fosfeti ya chuma inataka volti 14.2 hadi 14.6 na si zaidi, haihitaji marekebisho ya joto, na ikiwa itatunzwa imeunganishwa basi 13.5 au 13.6 zinatosha. Epuka kabisa chaja yenye hatua ya kuondoa salfeti au kusawazisha asidi, kwa sababu hupandisha volti juu ya 15. Jambo lingine ni kwamba bodi ya ulinzi ikishajikata, ncha za betri huonyesha volti sifuri au karibu na hapo, na chaja nyingi za kisasa hukataa kuanza zisipoona volti. Hakikisha kabla ya kununua kwamba chaja inaweza kuiamsha betri iliyojikata, na ulijaribu jambo hilo nyumbani kwa mikono yako.

Kuhusu ukubwa, betri ya risasi ipewe mkondo wa asilimia 10 hadi 20 ya ampea-saa zake, na lithiamu hukubali hadi asilimia 50, bila kuvuka kikomo kilichoandikwa kwenye betri. Kisha ongeza kile ripita inachokula wakati huohuo. Katika mfano wetu, kurudisha ampea-saa 56 kwa saa 8 kunahitaji ampea 7, na ripita inakula 2.35, jumla ampea 9.35, kwa hiyo chaja ya ampea 15 inatosha na kubakiza nafasi. Kwa betri ya risasi usitegemee kwamba chaja kubwa itamaliza kazi haraka, kwa sababu sehemu ya mwisho ya chaji huingia polepole kwa saa nyingi hata ungeweka chaja kubwa mara tatu. Chaja ya ampea 15 inahitaji wati zisizofika 300 kutoka kwenye jenereta, kwa hiyo jenereta ndogo inatosha. Kwa sola, ripita hiyo inakula wati-saa 722 kwa siku. Ukipata saa 4.5 za jua kali na kupoteza asilimia 30 njiani, unahitaji paneli za wati zipatazo 230.

Hatua ya tano: amua jinsi chaja, betri na ripita vitakavyoishi pamoja

Hapa ndipo mipango mingi huvunjika. Chaja ya hatua tatu hutambua kuwa betri imeshiba kwa kuona mkondo umeshuka chini ya kiwango fulani. Ripita iliyounganishwa kwenye betri hiyohiyo inaendelea kuvuta ampea mbili au saba, na chaja inadhani bado ni betri inayokula. Matokeo yake inashikilia 14.4 kwa siku nyingi, au saa yake ya ndani inafika mwisho na kuwasha taa ya hitilafu.

Njia ninayoiamini ni kutumia kigawi cha umeme, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani au wa jenereta, cha volti 13.8 kwa ajili ya ripita, chaja iliyo peke yake kwa ajili ya betri, na daiodi bora ya kielektroniki (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) inayochagua chanzo chenye volti za juu. Daiodi ya kawaida inafanya kazi, ila inapoteza volti 0.3 hadi 0.7 na kutoa joto. Kwa mpangilio huo ripita haikatiki hata kwa sekunde umeme unapozimika, na umeme wa betri hauwezi kurudi nyuma kuingia kwenye kigawi. Angalizo moja: wakati chaja iko kwenye 14.4, betri ndiyo yenye volti za juu na ndiyo itakayolisha ripita kwa muda huo, kwa hiyo chagua daiodi inayoruhusu kukipa kigawi kipaumbele, au chaja iliyotengenezwa kufanya kazi pamoja na mzigo.

Kati ya betri na ripita weka kifaa cha kukata mzigo volti zikishuka: takriban 11.5 kwa risasi na 12 kwa lithiamu, na kisiunganishe tena hadi volti zifike 12.6 kwa risasi au 13 kwa lithiamu, la sivyo ripita itawaka na kuzima mfululizo.

Hatua ya sita: sikiliza kelele za chaja

Kipokezi cha ripita husikia mawimbi ya takriban mikrovolti 0.2 (mikrovolti moja ni sehemu moja ya milioni ya volti). Chaja za kisasa hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na zile za bei ya chini humwaga kelele hizo kwenye nyaya zake hadi kwenye antena. Nakumbuka usiku mmoja tulipowasha jenereta ili kuchaji betri za ripita kilimani, na katika dakika chache watu wawili waliokuwa upande wa pili wa bonde wakawa hawasikiki. Tulidhani redio zao zimeisha chaji. Mwenzangu aliinama kuongeza mafuta, akachomoa chaja ili asikwaze waya, na sauti zao zikarudi katikati ya sentensi, wakiuliza kwa nini hatuwajibu. Betri ilikuwa nzima, chaja ilikuwa inachaji vizuri, na ripita ilikuwa kiziwi.

Tangu hapo sikubali chaja yoyote bila jaribio hili. Mtu aende mbali na redio ya mkononi iliyowekwa nguvu ya chini kabisa, hadi mahali ambapo sauti yake inapita kwa shida. Aendelee kuhesabu polepole huku wewe ukiwasha na kuzima chaja. Ikiwa anapotea chaja inapowaka, jaribu kuzungusha nyaya zake mara kadhaa kwenye pete za feraiti (pete zinazozuia kelele za redio kusafiri kwenye waya), pande zote mbili, na kuiweka mbali na antena. Isiposaidia, irudishe dukani. Fanya hivyohivyo kwa kidhibiti cha sola, mchana, jua likiwa kali.

Hatua ya saba: nyaya, fyuzi na sanduku

Fyuzi iwe karibu na ncha chanya ya betri kadiri inavyowezekana, na ukubwa wake ulinde waya, si redio. Betri zikiwa mbili sambamba, kila moja iwe na fyuzi yake, ziwe za aina, umri na ukubwa mmoja, na usichanganye risasi na lithiamu kamwe. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, wenye urefu wa mita 3 kwenda na 3 kurudi, hupoteza volti 0.53 kwa ampea 12. Wa milimita 6 hupoteza 0.22. Tofauti hiyo ndiyo iliyoizima redio katika hatua ya tatu. Viunganishi viwe vya aina moja kwenye vifaa vyote, visivyoweza kuingizwa kinyume.

Betri ya risasi, hata iliyofungwa, hutoa hidrojeni ikichajiwa kupita kiasi, na hewa yenye asilimia 4 ya gesi hiyo inaweza kulipuka, kwa hiyo sanduku liwe na matundu. Vua pete na saa ya chuma kabla ya kugusa ncha za betri.

Hatua ya nane: jaribu kabla haijahitajika, na itunze

Chaji betri ijae, iunganishe na ripita kwenye mzigo bandia, irushe kwa ratiba uliyoihesabu hadi kifaa cha kukata mzigo kikate, na uandike ampea-saa zilizotoka. Bandika karatasi hiyo ndani ya kifuniko cha sanduku pamoja na tarehe. Rudia kila mwaka. Ikishuka chini ya asilimia 80 ya kipimo cha kwanza, betri ibadilishwe.

Betri ya risasi ihifadhiwe ikiwa imejaa, na ichajiwe tena kila baada ya miezi michache. Ya lithiamu ikikaa muda mrefu bila kazi hupendelea nusu ya chaji, lakini betri ya dharura haiwezi kusubiri kujazwa siku ya tukio, hivyo mimi huiacha ikiwa imejaa, mahali penye ubaridi wa wastani, na kukubali kwamba itazeeka mapema kidogo. Ikiwa imetunzwa kwa 13.6 tu, ipandishe hadi 14.4 mara moja katika miezi michache ili bodi yake ipate nafasi ya kusawazisha seli, na uandike tarehe hiyo kwenye karatasi ileile.